Laini Iliyokuwa kwa Jina Langu

Manibe, jioni

Mwanangu Ayikoru,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali uko chumba cha pili, nami nakusikia ukifunga zipu ya begi, ukiifungua, ukiifunga tena. Baba mwingine angebisha mlango. Nilisimama mlangoni pako baada ya chakula, ukaniuliza, "Baba, unatafuta kitu?" nikajibu kwamba natafuta kiberiti. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Ndivyo nilivyo, na sitarajii kubadilika kabla ya basi la kesho. Kwa hiyo nimekaa mezani na kushika kalamu, kitu ambacho angalau hakijawahi kunikataa.

Hutapata humu maagizo ya safari. Namna ya kukaa uwanja wa ndege, mahali pa kuweka pasi, maneno ya kumjibu mwenye nyumba kule Maskati, hayo umefundishwa Kampala na watu wanaoyajua, nami sijawahi kupanda ndege. Wala sitakuhubiria. Mabruda wa misheni walinihubiria sana utotoni, na nikiyatazama maisha yangu naona walinifundisha kusimama wima kuliko walivyonifundisha kuishi na watu. Nataka kuzungumza nawe juu ya ile laini ya simu tuliyoishughulikia Alhamisi pale Arua mjini, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo mimi na wewe tumeyazunguka kwa miaka, kama watu wanaozunguka nyoka aliyelala uani, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake hajamwona.

Nianze na lililo jepesi. Uliponiomba mara ya kwanza twende dukani ili laini yako iandikwe kwa jina lako, nilikwambia goti linauma. Mara ya pili nilisema maharage yatanyeshewa. Baadaye nikasema kitambulisho changu sikioni, nacho kilikuwa ndani ya Biblia, pale kinapokaa siku zote, na wewe ulijua. Hukugombana nami. Ulisema tu, "Sawa, Baba," kwa ile sauti yako ya uuguzi, ambayo nadhani unawasemesha nayo wagonjwa wasiotaka dawa. Najua ulidhani nakuzuia usisafiri. Sivyo. Laini ile niliisajili kwa jina langu ulipokuwa mtoto wa shule, kwa sababu mtoto hakuruhusiwa, na kwa miaka yote hii ndicho kitu chako cha mwisho kilichohitaji ruhusa yangu. Masomo uliyapata kwa juhudi yako na kwa msaada wa wajomba zako wa Lurujo. Kazi uliipata mwenyewe. Safari hii uliipanga mwenyewe, ukanijulisha ilipokwisha kupangwa. Mimi nilibaki na laini, nikaing'ang'ania. Naomba msamaha kwa hilo.

Hata siku yenyewe ilipofika, mwili wangu ulinisaliti. Unakumbuka yule mama wa duka, Halima, alivyonitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mzee, hii laini iko kwa jina yako, siyo ya huyu dada."

"Ndiyo, mama. Aliipata angali mdogo."

"Sasa unamupatia ama unakataa? Sema mzuri, mashine inasikia."

"Nampatia."

"Weka kidole."

Nikaweka kidole, mashine ikakikataa. Nikaweka kingine, kikakataliwa. Halima akanipa kitambaa chenye maji nijipanguse, akakishika kidole changu yeye mwenyewe na kukikandamiza kwenye kioo kama mtu anayemuua kunguni. Bado. "Jembe imekula alama yote," akasema, "huyu mzee anaweza kuiba benki hakuna mutu atamujua." Watu wa foleni wakacheka. Mimi nilikutazama wewe. Hukucheka. Ulisema taratibu, "Baba, hata kidole yako haitaki?"

Nilikuwa nataka. Kwa mara ya kwanza tangu uniombe, nilitaka kweli, na ngozi yangu haikusomeka. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichotuokoa. Mashine ikalia, na Halima akasema, "Basi, Mzee. Sasa siyo yako tena."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema mvua imekatika.

Kisha akakuonyesha ile picha ya vijimraba vyeusi kwenye kioo chake, ukaipiga picha kwa simu yako mpya, na laini ikaingia ndani ya simu bila kadi yoyote kuingizwa. Nilifanya kazi ya forodha miaka mingi, Ayikoru. Nimegonga mihuri mpaka kiwiko kikapinda. Nilizoea kwamba kitu kikivuka kutoka mkono hadi mkono lazima kionekane. Hiki hakikuonekana. Halima akakueleza kwamba laini ya nyumbani itakaa humo pamoja na ile ya safari uliyoinunua kwa intaneti, mbili katika simu moja, na kwamba ya nyumbani uiache wazi kwa kupokea simu na ujumbe tu, bando litoke kwenye ile ya safari. Hayo umeyaelewa kuliko mimi. Mimi nilishika alichosema mwisho, alipokuwa akikunja waya wa mashine.

"Lakini usiifute, dada. Hii picha nafanya kazi mara moja. Ukifuta huko mbele, mimi siwezi kukutumia ingine. Mpaka urudi hapa na kidole yako."

Ile kadi ya zamani ukaitupa ndani ya ndoo ya taka, juu ya maganda ya karanga. Tulipokuwa tukitafuta boda ya kurudi nilikuuliza kama utaiacha laini ya nyumbani imewashwa ukifika kule. Nilijitahidi kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Ukasema, "Nitaona, Baba."

Neno hilo nimelibeba tangu Alhamisi. Ni jibu la haki. Naandika ili ujue kwamba najua kwa nini ni la haki.

Siilaumu laini hii isiyoshikika. Binti wa jirani yetu alipokwenda nchi za kule, kadi yake ilichomolewa kwenye simu siku ya kwanza, wakampa nyingine ya kupigia wenye nyumba peke yao. Aliyemfuata alikuwa ameambiwa. Yeye alishona kadi yake ndani ya pindo la gauni, na gauni likafuliwa. Mama zao walikaa hapa wakipiga namba ambazo sauti ya mashine ilijibu kwa upole kwamba hazipatikani. Kwako hakuna cha kuchomoa. Lakini mtu anayetaka kukunyamazisha hahitaji kuchomoa kadi. Atachukua simu nzima. Na wewe mwenyewe ukitaka kunyamaza, huhitaji mtu akuchukulie kitu. Hili la pili nalijua vizuri, kwa kuwa ndilo nililolifanya.

Wewe ulikuwa hapa nyumbani siku ile ya mama yako, mimi nilikuwa kazini Oraba, mpakani. Kila mmoja wetu ana nusu ya siku hiyo. Nusu yako niliisikia kwa wengine, vipande vipande, kwa kuwa hukuwahi kunisimulia nami sikuwahi kuuliza. Nusu yangu hakuna aliyeisikia. Nakuomba univumilie.

Pale Oraba sisi makarani wa mawakala wa forodha tulikuwa na laini mbili. Moja ya Uganda, na moja ya ng'ambo, ya kuwapigia madereva na wafanyabiashara waliokwama Kaya, upande wa Sudan Kusini, maana kupiga kwa laini ya Uganda kuvuka daraja kulikula pesa zote za siku. Asubuhi ukifika unatoa ya nyumbani, unaikunja ndani ya kipande cha karatasi, unaitia mfuko wa shati. Unaweka ya ng'ambo. Jioni unageuza. Kila mtu alifanya hivyo, na kwa kazi hiyo tulitumia sindano, mwiba, hata ncha ya hereni za wale mama wabadilisha fedha.

Utasema simu za laini mbili zilikuwapo. Zilikuwapo, mwanangu. Zilijaa sokoni Koboko, zenye tochi na redio na sauti ya kuamsha kijiji. Nilizidharau. Nilikuwa na simu yangu nyembamba ya laini moja niliyopewa na mkuu wangu wa kazi, nikisema zile nyingine ni za madereva. Kwa miaka nilijiambia kwamba laiti hiki ulichonacho leo kingalikuwapo wakati ule, mama yako angalikuwa hai. Ni uongo wa kistaarabu. Kilikuwapo cha kutosha, nami nilikiona hakifanani na suti yangu.

Na kuna lililo chini ya hilo. Mama yako hakuwa na namba yangu ya ng'ambo. Sikumpa. Aliwahi kunipigia mara moja kazini, kabla sijaanza kugeuzageuza laini, na sauti yake ikasikika ofisi nzima: "Baba Ayi, chumvi iko kwisha, na mbuzi nakula shati yako ile ya Jumapili!" Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwa wiki nzima waliniita Shati ya Jumapili. "Karani, waziri wako wa nyumba hajapiga leo? Mbuzi imeshiba?" Nilitabasamu nao kwa adabu, na moyoni nikakata shauri kwamba namba ya kazi haitajulikana nyumbani. Mimi, niliyesoma misheni, niliyeandika barua za kampuni, nimechekwa kwa ajili ya mbuzi.

Yeye alikuwa akinitania kwa Kiswahili changu. Unajua kwamba tulikutana katika lugha hiyo kwa sababu mimi ni Mlugbara wa Manibe, yeye Mkakwa wa Lurujo, na hakuna aliyetaka kushindwa. Chake kilikuwa cha soko na kambi, changu cha vitabu. "Wewe naongea kama redio," alikuwa akisema, "lakini redio mutu nazima akichoka." Mimi ndiye niliyezima, Ayikoru. Kila asubuhi niliyotoa ile kadi na kuikunja nilihisi utulivu, nami niliupenda. Kuanzia saa za asubuhi mpaka jioni hakuna aliyeweza kuniuliza juu ya chumvi. Nilikuwa mtu mwenye ofisi. Hakuna aliyenilazimisha, wala haikuwa bei ya kupiga peke yake. Niliupenda ukimya ule.

Siku ile lori la saruji lilikuwa limezuiwa upande wa pili. Nilikuwa kwenye simu tangu asubuhi, nikisema "tafadhali" na "mheshimiwa" kwa watu ambao sikupata kuwaona. Laini ya nyumbani ilikuwa mfukoni, juu ya moyo, kama wasemavyo watu wanaopenda kupamba maneno. Haikuniambia chochote.

Hapa nyumbani tumbo la mama yako lilimwangusha kabla ya mchana. Wewe ulikimbilia kwa jirani kuazima simu. Hospitali iko karibu kiasi kwamba siku ya upepo tunasikia kengele za mjini. Lakini baba yako mkubwa Severino alikuwa amekwisha kufika, na Severino akasema wangoje. Simtetei, wala siwezi kumlaumu peke yake. Aliogopa kwamba akimpeleka mke wa ndugu yake, akapasuliwa bila neno la mume, na jambo likaharibika, ndugu za mama yako wa Lurujo watakuja kuuliza ni nani aliyeruhusu, na hatakuwa na jibu. Hivyo ndivyo tunavyoishi: mwenye nyumba asiposema, nyumba haisogei. Kwa hiyo watu wazima walikaa uani wakingoja neno langu, na mtoto wa miaka kumi na minne akawa anapiga simu.

Jioni nilifika kwenye chumba nilichopanga Koboko, karibu na kazi, nikageuza laini kwa mwiba. Ujumbe ukaanza kuingia. Wote ulitoka kwa namba ya jirani, wote uliandikwa na wewe. *Baba piga.* *Baba mama iko mbaya.* *Baba piga wanasema wakungoje.* *Sema ndio tu.* Nilipiga nikiwa bado nimesimama. Ulipokea wewe. Nilisema, kwa Kiswahili fasaha kabisa, Mungu anisamehe, "Wampeleke mara moja, mimi nimeridhia." Kisha ukasema, "Alishaenda, Baba. Usipige tena."

Nilielewa kwamba umempata mtu wa boda, na kwamba mama yako yuko hospitalini. Nikashukuru. Nilishukuru kwa sauti, ukanisikia, ukakata. Ni Severino aliyepiga baadaye akanieleza kwamba wewe na wanawake wawili mlimpakia kwenye boda kwa nguvu, kinyume cha neno lake, na kwamba alikata roho njiani, kabla hamjafika mjini.

Wajomba zako walikuja na kukataa kaburi lisichimbwe mpaka mume aseme alikuwa wapi. Nilisema, "Kazini." Yule mkubwa wao akauliza, "Kazi yako haina simu?" Nikasema inayo. Wakaniketisha chini pale uani, nami nikakaa na suti yangu vumbini, na nikaona afadhali. Ilikuwa adhabu iliyoonekana. Baadaye niliwaandikia barua ya kuwaomba radhi, kurasa nne, nikaichapa kwa mashine ya ofisi na kuipeleka Lurujo mwenyewe. Mjomba wako aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Shemeji, barua iko nzuri sana. Lakini dada yetu hasomi tena. Mupatie mutoto."

Sikukupatia. Niliwaomba radhi wajomba, nikamwomba radhi padri, nikamwomba radhi jirani kwa kuwa simu yake ilitumiwa siku nzima. Nilimwomba radhi hata mkuu wangu wa kazi kwa kukosekana wiki ya mazishi. Kwako sikusema neno. Nilikununulia simu. Nikaenda nikasajili laini kwa jina langu, nikakuwekea mezani bila kusema lolote, nikadhani umeelewa. Ulikuwa mtoto. Uliona simu, ukaiona imechelewa.

Watu husema mimi ni mzee mwenye adabu, na ni kweli. Nimekuwa na adabu kiasi cha kukuacha peke yako ndani ya nyumba moja na mimi kwa miaka kumi. Nilidhani kutokuuliza ni heshima. Kila uliporudi likizo nilikuuliza juu ya masomo na hali ya barabara. Ulijibu vizuri. Tulikuwa kama maofisa wawili wa mpakani, kila mmoja akikagua karatasi za mwenzake na kumruhusu apite.

Kama ninayo ya kukuambia kutokana na hayo yote, ni machache, na uyapime mwenyewe. Kule uendako watakuwapo watu utakaotaka wakuone kwa namna moja, na watu wa nyumbani wanaokujua kwa namna nyingine. Usiwatenge kwa ukuta kama nilivyofanya. Mimi niliona aibu kwa ajili ya chumvi na mbuzi, na sasa ningetoa kila nilichonacho nisikie mtu akinipigia kelele juu ya chumvi. Wakikucheka kule kwa simu za kwetu na sauti za kwetu, waache wacheke.

Ukikosea, omba msamaha kwa aliyekosewa, siyo kwa wanaomzunguka. Uombe mapema, kwa maneno mabaya kama huna mazuri. Mimi nilikuwa nikingoja maneno yaive.

Na kariri namba moja kichwani, kwa ajili ya siku watakapochukua simu. Juzi nilikuuliza namba yangu, ukasema iko ndani ya simu. Nilihuzunika, kisha nikaona huo ni utoto wangu. Kariri namba moja, basi. Si lazima iwe yangu. Chagua mtu unayeamini atapokea.

Jambo la mwisho sikukwambia kwa mdomo, maana lilifanyika Jumapili ulipokuwa kanisani. Nilimwita Severino na wazee wawili wa ukoo, nikawaketisha. Nikawaambia kwamba mtu akiugua katika boma hili, aliye karibu naye ndiye atakayeamua, awe mke, awe mtoto, awe jirani, na asingojwe mtu yeyote aliye kwenye simu. Wakakubali, kila mmoja akitazama chini. Kisha nikasema la pili: kwamba siku yangu ikifika, Ayikoru asingojwe. Asingojwe kwa uamuzi wa hospitali, asingojwe kwa mazishi.

Severino akaruka kitini. "Mutoto wa pekee, tusimungoje? Watu watasema nini?"

"Waseme ni mimi niliyeagiza."

"Wewe naongea kama mutu nakufa kesho."

"Naongea kama mtu aliyengojwa," nikamjibu. Akaketi tena. Yeye pia alikuwapo uani siku ile, na hajasahau, ingawa hunywa ili asahau.

Kwa hiyo, mwanangu, laini ile ni yako, kwa jina lako na kwa kidole chako. Uiwashe au uifute. Ukiifuta sitamwuliza mtu yeyote kwa nini, wala sitakwenda kwa Halima kulalamika. Mimi sikuwa na haki ya kuupenda ukimya wangu; wewe unayo haki ya wako. Sitakupigia kwa kukuvizia. Ukinipigia nitapokea, na nitajitahidi nisiulize juu ya hali ya barabara.

Umepewa kazi ya kumtunza mama wa watu, mzee asiyeweza kujilisha. Sijakuuliza kwa nini ulichagua kazi hiyo, na leo pia siulizi. Nakuomba hili tu. Ukiona siku moja namba ya Severino inaita kwenye laini ya nyumbani, usikimbie, wala usiangushe kitu. Ujue kwamba lililokuwa la kufanywa limekwisha kufanywa, na kwamba hapa Manibe hakuna mtu yeyote aliyekaa uani akingoja neno kutoka kwako. Maliza kwanza kumlisha yule mama. Mpanguse midomo. Kisha upokee.

Kwa heshima yote, na bila kudai jibu,

Baba yako